Mtazame kabla mpira haujamfikia: kumpima sefti wa chuo anayekwenda drafti

Kama umetoka kwenye soka na sasa umeanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani na drafti yake, pale timu za NFL (ligi kuu ya kulipwa) zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi baada ya raundi, sefti ni mchezaji rahisi kumweleza na mgumu kumwona. Ukiulizwa ni nani, utasema ni beki wa mwisho. Kwa kawaida wako wawili, wanasimama nyuma ya wenzao wote, na akipitwa yeye hakuna wa kumsitiri. Shida inaanza unapowasha televisheni. Mpira unapoanza kuchezwa, kamera inabana kwa kotabeki, yule mrusha pasi, na yale majitu ya mstari wa mbele; sefti yuko yadi 12 au 15 huko nyuma, nje ya picha. Utamwona mpira ukiwa tayari hewani, akiingia kwenye fremu mbio, amewahi au amechelewa. Unampa sifa au lawama kwa sekunde ile moja, na kumbe jambo lilikwisha kuamuliwa miguuni mwake sekunde mbili tatu nyuma.

Nilipokuwa mwanafunzi Marekani nilipata kibarua kwenye chumba cha video cha timu ya chuo kimoja. Nilikuwa nikipanda mnarani na kamera, narekodi mazoezi, halafu jioni nakata mikanda ya mechi jaribio moja moja (yaani tangu mpira unapoanza kuchezwa hadi unaposimama) kwa pembe mbili: ile ya juu ubavuni inayoonyesha wachezaji wote 22, na ile ya nyuma ya goli. Hakuna aliyenituma kupima wachezaji. Lakini nilikuwa na daftari, na kijana mwenye daftari haachi kutoa hukumu.

Siku moja nikamwandikia sefti wetu: "Mzito, hana macho." Mpinzani alikuwa amepachika pasi ndefu katikati ya uwanja, mpokeaji wa nje akakata kuelekea kwenye nguzo za goli, akadaka, akaenda zake. Sefti alionekana akigeuka kwa kuchelewa kama mtu aliyeitwa jina sokoni. Kocha wa mabeki alipita nyuma yangu, akasoma, akacheka. Akarudisha mkanda, akaugandisha pale mpira unapoanza, akaniuliza: "Namba mbili yuko wapi?"

Namba mbili ni mpokeaji wa pili ukihesabu kutoka mstari wa pembeni kuja ndani. Siku hiyo timu ilikuwa ikicheza ulinzi wa robo nne, yaani wanaume wanne wanagawana eneo la nyuma, na katika mtindo ule sefti anamsoma namba mbili. Akitokea pembeni mapema, sefti yuko huru kumsaidia konabeki, yule beki wa pembeni, dhidi ya namba moja. Akipanda juu kwa kina, ni wake. Namba mbili alikuwa amepanda yadi kama 12 kisha akakata kuingia ndani, na sefti akaenda naye kama alivyofundishwa. Konabeki naye alikuwa amesimama upande wa nje, akitegemea msaada wa ndani ambao jaribio lile haukuwapo. Mpinzani alijua kanuni yetu, akaitumia kutupiga. Sefti niliyemwita mzito alikuwa mmoja wa wachache waliofanya kazi yao sawasawa.

Nilifuta ile sentensi. Tangu hapo, nikiona pasi ndefu imefungua mlango na sijui ulinzi gani ulikuwa umeitwa, naandika "sielewi ni kosa la nani" na kuendelea. Na wewe zoea kuyaandika maneno hayo. Wageni wengi wanaogopa kwamba yatawafanya waonekane hawajui, kwa hiyo wanabahatisha mtuhumiwa, na sefti ndiye anayebebeshwa kwa sababu ndiye aliye karibu na mkosi.

Sasa, namna ya kutazama. Raundi ya kwanza usiufuate mpira kabisa. Gandisha picha kabla ya jaribio na uandike amesimama umbali gani, upande gani, na kama anazungumza. Mkanda wa makocha, ule wa pembe mbili, hauna sauti, lakini mikono ina sauti yake: sefti mwenye akili utamwona anaelekeza, anamsogeza mwenzake, anabadilisha mahali mpokeaji mmoja anapohama kutoka ubavu huu kwenda ule. Asiyejua utamwona anageuza shingo kuwauliza wengine. Kisha ruhusu sekunde moja tu ya mkanda na uangalie hatua yake ya kwanza. Alirudi nyuma, alisimama, au alichomoka mbele? Halafu ndipo uache jaribio liende hadi mwisho.

Kule kuchomoka mbele ndiko kunakowamaliza wengi. Kotabeki anajifanya kumkabidhi mkimbiaji mpira, danganya toto, na sefti aliyeumezea mate ule mpira anapanda yadi nne kuja kukaba upepo. Ila hapa uwe mwadilifu kwa vijana wa chuo. Sheria za chuo zinawaruhusu wazuiaji wa mstari wa mbele kupanda hadi yadi tatu kabla ya pasi kurushwa; NFL ni yadi moja. Sefti wa chuo anaweza kuona mzuiaji anamjia kifuani, dalili ambayo kwa kawaida ingekuwa ya mkimbiaji kupewa mpira, na bado pasi ikarushwa kihalali nyuma yake. Kwa hiyo nikiona kijana kadanganywa mara moja kwa mtego wa aina hiyo simkati. Nikiona kadanganywa mara ya tatu kwa mtego uleule kwenye mechi ileile, namkata.

Tofauti nyingine ambayo karibu kila mgeni huipita ni ya uwanja wenyewe. Upana ni uleule, yadi 53 na theluthi, chuo na NFL. Lakini ile mistari midogo ya kati, ambayo kati yake ndiko mpira huwekwa kabla ya kila jaribio, kwa chuo imeachana futi 40, na kwa NFL futi 18 na inchi 6 tu. Piga hesabu. Chuoni, mpira ukiwekwa kwenye mstari mmoja, upande mfupi unabaki na yadi 20 na upande mrefu yadi 33 na ushee. NFL, ubavu mfupi una karibu yadi 24 na mrefu karibu 30. Ndiyo maana timu nyingi za chuo hazigawi masefti kwa kushoto na kulia. Zinaye wa upande mpana na wa upande mwembamba. Yule wa upande mwembamba analindwa na mstari wa pembeni, anaweza kuonekana mkali kuliko alivyo. Akifika NFL mpira uko karibu na katikati kila mara, hana tena uchochoro wa kujificha. Kwa hiyo kabla hujamsifu kwamba "anafunika eneo," jua lilikuwa eneo lipi.

Ukitaka kuona kufunika eneo kwa kweli, tafuta mechi ya Notre Dame ya kufungua msimu wa 2021 dhidi ya Florida State, umtazame Kyle Hamilton. Moja ya pasi mbili alizonasa siku ile aliianzia upande mmoja wa uwanja na kuimalizia kwenye mstari wa pembeni wa upande wa pili. Jitu la futi 6 na inchi 4. Kisha akaenda Indianapolis, ambako kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi vijana hupimwa kama ng'ombe wa mnada, akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.59, na kwenye vipimo vya chuoni kwake saa zikamwonyesha polepole zaidi. Watu wakaanza kujikuna. Nami nilijikuna, nilimshusha kwenye orodha yangu, na hadi leo nalionea aibu karatasi lile. Baltimore Ravens walimchukua kwenye drafti ya 2022, mtu wa 14 kuchaguliwa, na msimu wa 2023 akatajwa kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi nzima. Mtu anayeanza kukimbia nusu sekunde kabla ya wengine hahitaji saa ya mtu.

Upande wa pili wa shilingi yumo Obi Melifonwu wa Connecticut, mwaka 2017. Futi 6 na inchi 4, sekunde 4.40, aliruka juu inchi 44, akaruka mbele inchi 141. Ukimwona kwenye karatasi unatamani kumposa. Raiders walimchukua wa 56, lakini majeraha na mengineyo yakamzuia, na hakuwahi kuwa mtu wa kudumu wa kikosi cha kwanza popote. Sisemi vipimo ni upuuzi. Sefti anayekimbia sekunde 4.7 na asiyewahi kusoma mchezo mapema atachanwa. Ninachosema ni utaratibu: tazama mikanda kwanza, andika, funga daftari, ndipo ufungue vipimo. Ukianza na vipimo, macho yako yatakwenda kutafuta ushahidi wa kile ulichokwisha kuamini.

Kuhusu pasi zilizonaswa sina mengi. Nyingine ni za bahati, mpira umegonga mkono wa mpokeaji ukamwangukia. Zigawe mafungu mawili: alizozitafuta na zilizomkuta. Kevin Byard alinasa 19 pale Middle Tennessee, hata hivyo hakualikwa Indianapolis mwaka 2016; Titans wakamchukua wa 64, na mwaka wake wa pili akanasa nane. Wengi walidharau chuo chake, wakadhani pasi zile zilimkuta.

Kukaba ndiko ningependa ukae zaidi, kwa sababu takwimu za "alizokosa kukaba" zinadanganya. Sefti kukosa mtu pale mbele, msituni kati ya miili, ambako wenzake watano wako jirani, ni kosa dogo. Kumkosa mtu uwanda wazi, mmekutana wawili na nyuma yenu ni goli, ni alama sita. Hesabu hizo mbili usizichanganye. Kisha usiangalie pigo, angalia njia aliyoshika kwenda kulipiga. Sefti mzuri anafika akiwa amemfungia mkimbiaji upande mmoja, anapunguza hatua yadi mbili tatu kabla, miguu chini ya kiuno, anamsukumia mwenye mpira kwenye mstari wa pembeni au kwa wenzake. Mbaya anakuja kama bodaboda iliyokatika breki, anapigwa chenga moja, na video fupi za mtandaoni zitakuonyesha tu zile siku alizogonga. Video hizo usizitumie kabisa. Mimi hutafuta mechi mbili alizocheza na timu kali kuliko yake, na moja ambayo timu yake ilizidiwa, maana huko ndiko sefti anapofanyishwa kazi.

Neno dogo hapo hapo: tangu 2013 mchezaji wa chuo anayemlenga mwenzake kichwani kinyume cha kanuni hutolewa, na ikitokea kipindi cha pili anaweza kukosa nusu ya kwanza ya mechi inayofuata. Ukiona sefti hayupo nusu mechi, usikimbilie kuandika kwamba ni mgonjwa.

Urefu nao usikutishe. Antoine Winfield Mdogo wa Minnesota alikuwa na futi 5 na inchi 9, na majeraha yalikuwa yamemla sehemu kubwa ya misimu miwili chuoni. Buccaneers walimchukua wa 45 mwaka 2020, msimu uleule akavaa pete ya Super Bowl. Majeraha nilikuwa nayaogopa kuliko madaktari wenyewe. Siku hizi naandika yaliyotokea na kuacha: mimi si daktari, na timu zina madaktari wao.

Halafu kuna bei, ambayo haitegemei ubora tu. Mwaka 2010 Eric Berry alichukuliwa wa tano na Earl Thomas wa 14. Mwaka 2023 hakuna sefti hata mmoja aliyetoka raundi ya kwanza. Brian Branch alisubiri hadi wa 45. Mwaka 2024 vilevile, Tyler Nubin wa 47. Mwaka 2025 Malaki Starks aliingia wa 27. Timu nyingi zimeamua pesa na raundi za juu ziende kwa makotabeki, wanaowawinda na wanaowalinda, hivyo sefti mzuri anapatikana kwa bei ya chini. Kwangu mimi wanakosea, lakini ukiandika "raundi ya kwanza" kwa kila sefti unayempenda, Aprili itakuadhiri.

Kwa ndugu walioko Dar au Nairobi wanaotazama kwa intaneti: mechi za mchana za Jumamosi zinaanza kwenu saa moja jioni mwanzoni mwa msimu, zile za usiku ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Mkanda wa makocha wa vyuo ni nadra kuupata. Subiri marudio: mara nyingi picha ya nyuma ya goli humwonyesha sefti kuanzia hatua ya kwanza. Jaribio moja la marudio lenye miguu yake lina faida kuliko ishirini za moja kwa moja.

Na unapomaliza ripoti, sentensi ya mwisho iwe kazi atakayofanya Septemba yake ya kwanza NFL. Wengi wa raundi za chini hawataanza. Watakula mshahara kwa kukimbiza mipira ya mateke, ile ya kuanzia na ile ya kumrudishia mpinzani, na kama hukutazama kijana alivyokuwa akicheza huko, ripoti yako haijakamilika. Hii ni ya kijana mmoja niliyemwandikia majuzi, jina nimelitoa: "Raundi ya tano. Wa upande mwembamba, hajawahi kuachwa peke yake katikati. Anakaba vizuri uwanda wazi. Mtume kwenye mipira ya kuanzia wiki ya kwanza. Danganya toto mara nne katika mechi tatu, moja sielewi ni kosa la nani."