Kama unampenda Jim Reeves, anza na The Mavericks

Mkuu mleta uzi, umesema umelelewa na kaseti za Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, za marehemu baba yako, na unatafuta bendi ya kantri iliyochanganya kantri ya asili na pop ya zamani bila kuwa ya kuiga tu. Bendi hiyo ipo. Albamu yao nimekaa nayo karibu miaka ishirini, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa kirefu.

Ni The Mavericks, albamu ya 1995, Music for All Occasions. Hawa hawakutokea Nashville, makao makuu ya kantri Marekani. Walianzia Miami mwishoni mwa miaka ya 80, wakipiga kwenye klabu za roki. Mwimbaji wao, Raul Malo, alizaliwa hukohuko Miami na wazazi Wakuba. Hilo la Kuba lishike, nitalirudia.

Huyo Jim Reeves wetu ni zao la mabadiliko ya mwishoni mwa miaka ya 50, pale watayarishaji kama Chet Atkins na Owen Bradley walipoiweka kando fidla ya kijijini na lile gitaa linalolia kwa kutelezeshewa chuma, wakaleta violini za taratibu na waitikiaji wa sauti laini. Wapenzi wa kantri ya asili walinung'unika sana, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Mavericks hawakuchagua upande. Gitaa linalia kama la baa ya vumbi, halafu juu yake inapanda sauti ya Malo, pana na safi, ya kukukumbusha Roy Orbison, mwimbaji wa pop na roki wa miaka ya 60.

Mimi nilikuwa napiga muziki Jumapili mchana kwenye baa moja hapa Nakuru, wateja wengi wakiwa wazee waliostaafu. CD hiyo niliiokota kwenye meza ya mitumba, kasha limepasuka. Siku ya kwanza niliweka wimbo wa tatu, Here Comes the Rain, ule uliowapa tuzo ya Grammy mwaka 1996. Unaanza kwa upole, sauti inapanda ngazi kwa ngazi, na ukidhani imefika mwisho, inapanda tena. Mzee mmoja aliacha glasi yake njiani kuelekea mdomoni. Wimbo ulipoisha akanifuata kaunta: "Kijana, huyu ni nani, na kwa nini hatukuambiwa?"

Jumapili iliyofuata nikaweka ule wenye kodiani, All You Ever Do Is Bring Me Down. Anayeipiga ni Flaco Jiménez wa San Antonio, Texas, ambako Wameksiko waliichukua kodiani na polka kutoka kwa walowezi wa Kijerumani na Kicheki, wakazifanya zao. Sasa wewe unajua kodiani ina maana gani kwa mzee wa Kikuyu. Babu mmoja na mkewe walisimama wakaanza mwomboko, ile ngoma ya Kikuyu ya kodiani, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, katikati ya meza, na mdundo ukawakubali kabisa. Hakuna aliyecheka. Watu walivuta viti nyuma kuwapa nafasi. Hadi leo kodiani hiyo ikianza, namwona yule mama ameshika ncha ya leso yake.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya Kuba. Santuri za Kikuba za mfululizo ulioitwa G.V. zilifika Kongo tangu miaka ya 30, zikasaidia kuzaa rumba, na rumba ikatufikia sisi. Malo akiimba polepole, ile namna ya kuchelewesha neno halafu kulilaza juu ya mdundo ni ya bolero, zile nyimbo za mapenzi za taratibu za Kikuba, na sikio lililolelewa na Franco wa rumba ya Kongo linaitambua kabla hujajua kwa nini. Ndiyo maana nasema hawaigi. Pop ya zamani kwake haikuwa nguo ya kuazima. Amekulia katika nyumba ya Kikuba.

Sitakuficha penye udhaifu. Wimbo wa mwisho, Something Stupid, wameuimba na Trisha Yearwood, mwimbaji wa kantri. Ni ule ambao Frank Sinatra na bintiye Nancy waliufikisha namba moja Marekani mwaka 1967. Wengi wanaupenda. Mimi nauona ndio pekee hapa walipoiga kweli, na huwa naishia wimbo wa kumi.

Usianze na albamu yao Trampoline ya 1998, ingawa ndiyo iliyowapa Dance the Night Away iliyofika namba nne Uingereza. Ina tarumbeta nyingi na ni ya kuchezea. Mpenzi wa Reeves inaweza kumchanganya. Iache iwe ya pili. Halafu nenda En Español ya 2020, Kihispania mwanzo hadi mwisho, usikie Malo akiimba kwa lugha ya wazazi wake.

Usisikilizie kwenye spika ya simu, tafadhali. Tafuta redio yenye besi, baada ya chakula cha Jumapili, kama mama yupo mwite akae karibu. Anza na wimbo wa tatu, kisha ule wa kodiani, kisha rudi wa kwanza uende nao wote. Ukimaliza njoo hapahapa useme mama alisema nini.