Re: Bingwa wa kuruka juu aliyewahi kupooza

Mkuu umeuliza kama kweli kuna mtu alipooza utotoni akaja kuwa bingwa wa kuruka juu Olimpiki, ni kweli kabisa, anaitwa Ray Ewry, Mmarekani wa Indiana, kazaliwa 1873. Polio ilimpiga akiwa dogo akawa wa kiti cha magurudumu, akapiga mazoezi ya miguu mpaka ikapata nguvu za ajabu. Yeye alikuwa anaruka kwa kusimama, yaani hakuna kukimbia kwanza, unajirusha palepale ulipo. Paris 1900 karuka mita 1.655 na siku hiyohiyo kabeba dhahabu tatu! 1904 akarudia zote, London 1908 akaongeza mbili. Mashindano ya aina hiyo yalifutwa baada ya 1912 ndo maana wengi hawamjui, inauma sana aisee.