Kabla ya Kuvuta Pumzi, Itoe: Kuutuliza Mwili Baada ya Kiwewe

Tairi likipasuka kwa kishindo pale Buxton, Mombasa, na mtu aliyewahi kushambuliwa akajikunja chini, jasho likimtoka, walio karibu humwambia, "Vuta pumzi ndefu." Nia yao ni njema, lakini mara nyingi ushauri huo humzidishia. Aliyeingiwa na hofu tayari anahema kupita kiasi. Akivuta zaidi, hewa ukaa hupungua katika damu, kichwa huwa chepesi, vidole na midomo huchomachoma kama sindano, na mwili huzichukua dalili hizo kuwa hatari mpya.

Kwa hiyo anza kwa kutoa. Kaa barazani au kwenye kiti, mgongo umeegemea ukuta, nyayo zote mbili chini, macho wazi, uso umeelekea mlangoni. Bana midomo kama unayepoza chai ya rangi iliyotoka jikoni, utoe pumzi polepole kwa hesabu ya sita. Kisha iache hewa iingie yenyewe puani kwa hesabu ya nne. Usijaze kifua mpaka juu, wala usiizuie pumzi ndani. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 10, yaani mizunguko 6 kwa dakika. Moyo huenda kasi kidogo tunapovuta pumzi na hupungua kasi tunapoitoa. Kazi hiyo hufanywa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana kutoa kunapaswa kuwa kurefu kuliko kuvuta.

Wiki ya kwanza, dakika 3 asubuhi na 3 usiku zinatosha. Baadaye fika 5. Fanya ukiwa mtulivu, kabla hofu haijaja. Anayengoja hadi moyo umlipuke ndipo ajaribu ni kama anayejifunza kuogelea siku dau limepinduka.

Hapa Mombasa kuna jambo ambalo maelekezo ya nchi za baridi hayalitaji. Februari na Machi, chumba kisicho na dirisha chenyewe tu chaweza kukutoa jasho na kuupeleka moyo mbio, na mwili wenye kiwewe hautofautishi joto na woga. Fanya zoezi alfajiri, au jioni upepo wa bahari ukivuma. Na muguka, yale majani ya jamii ya miraa, tuuseme wazi, kwa sababu vijana wengi huutafuna ili wasahau: ndani yake mna kathinoni, kichocheo kinachopandisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Ukitafuna jioni kisha ufanye zoezi la pumzi usiku, unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Kahawa tungu nayo iishe mchana.

Wapo ambao pumzi si mlango wao. Aliyenusurika kuzama au aliyekabwa koo aweza kupata hofu kwa kule tu kuelekeza fikira kifuani. Huyo aachane na pumzi kabisa, atumie mikono na miguu. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa kifua, usukume ukuta kwa nusu ya nguvu zako kwa sekunde 10, kisha legeza kwa sekunde 20 ukisikiliza mikono inavyokuwa mizito. Rudia mara 5. Misingi ya kukaza na kulegeza misuli ilitungwa na daktari Mmarekani Edmund Jacobson miaka ya 1920, na bado inafaa hasa kwa wenye mataya na mabega yaliyokakamaa. Leso pia ni kifaa kizuri: ipitishe mgongoni, ishike ncha zake mbele huku mikono imepishana, uvute mpaka uhisi umebanwa vizuri bila kukosa hewa.

Mwili ukishazoea haya, na si kabla, waweza kuukaribia ule mkazo wenyewe. Tafuta kwanza sehemu ya mwili isiyo na shida, hata ikiwa ni kisigino tu au ncha ya pua. Sikiliza hapo kwa dakika moja. Kisha elekea kwenye fundo la tumboni au kooni kwa sekunde 20 au 30, urudi kisiginoni. Nenda na urudi mara tatu, basi. Usijisimulie tukio zima. Pima hofu kutoka 0 hadi 10. Ikipita 6, acha zoezi, simama, utembee. Kosa kubwa ni pupa: mtu hupata nafuu siku ya pili, akaamua kulimaliza jambo lote usiku mmoja, akaamka na majinamizi ya wiki nzima.

Kutetemeka au machozi katikati ya zoezi si ubaya, mradi unajua uko wapi. Hali ya kutahadhari nayo ni ile ya kuwa mbali: sauti zinasikika kama kutoka kisimani, macho yameganda, mwili umekufa ganzi. Hapo usitulie zaidi. Inuka, nawa mikono na uso kwa maji baridi, taja kwa sauti siku, mtaa ulipo na vitu vitano unavyoviona. Baadhi ya nyumba huiita hali hii kupandwa na shetani. Familia ikitaka kisomo, kiendelee, lakini mgonjwa asifungiwe chumbani wala kufukiziwa moshi mzito; kifua kilichobanwa hakihitaji moshi.

Kukandwa nako kuna masharti. Kwa aliyedhulumiwa kimwili, mkono wa mtu mwingine, hata wa shangazi mpenzi, waweza kurudisha yote. Ajikande mwenyewe kwa mafuta ya nazi, kuanzia viganja.

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya tiba. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba za kisaikolojia zinazolenga kiwewe chenyewe, ikiwemo ile ya kusogeza macho inayojulikana kama EMDR. Dalili zikipita mwezi mmoja, au usingizi ukikosekana kabisa, nenda Hospitali ya Rufaa ya Pwani uulizie kitengo cha afya ya akili. Mawazo ya kujiua hayangoji mwezi: nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako. Chukua karatasi yenye saa ulizolala na namba zako za 0 hadi 10 za wiki mbili. Daktari atafanya kazi nayo vizuri zaidi kuliko neno "sijisikii vizuri".

Na kwa anayelala karibu na mwenye kiwewe: akipiga kelele ndotoni, usimshike bega wala kumtikisa. Washa taa, simama upande wa miguuni, muite kwa jina taratibu, umwambie yuko nyumbani. Akifungua macho, mpe maji, na umwache aulize mwenyewe.