MASWALI YENU: Kwa nini mechi saba? Na ile ya 2016 iliibiwa kweli?

Kaka mhariri, habari za kazi. Mimi ni mtu wa boli, kikapu nimeanza kukifuatilia juzijuzi baada ya mdogo wangu kunikalisha kwa nguvu. Sasa fainali ya Kombe la Dunia ni mechi moja tu, watu wanalia wengine wanashangilia, kesho maisha yanaendelea. Hawa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mechi saba za nini? Si biashara ya tiketi tu hiyo? (Msomaji, Morogoro)

Biashara ipo ndugu yangu, tena kubwa. Ila kwanza tuweke sawa, siyo lazima zifike saba, bingwa ni yule anayewahi kushinda nne, kwa hiyo inaweza kuisha kwa mechi nne tu na wengi wameshafagiliwa hivyo. Mwenye rekodi nzuri zaidi ya msimu anacheza nyumbani mechi ya kwanza, ya pili, ya tano na ya saba, mwenzake anapata ya tatu, ya nne na ya sita.

Utamu wenyewe uko hapa: ni watu walewale wanakutana kila baada ya siku mbili tatu, kama wiki mbili na zaidi hivi. Mbinu iliyokupa ushindi Jumapili, Jumatano mwenzako keshaangalia video mpaka macho yamemuuma na ameiziba. Chukua fainali ya 2016, Golden State Warriors na Cleveland Cavaliers. Mechi ya pili Warriors wameshinda 110 kwa 77, ukiangalia unasema hawa Cleveland warudi tu kwao. Siku tatu baadaye Cleveland wameshinda 120 kwa 90! Timu zilezile, wachezaji walewale karibu wote. Halafu jumlisha pointi zote za mechi sita za kwanza, mimi nilijumlisha kwa kalamu mara mbili kwa sababu sikuamini, Warriors 610, Cleveland 610. Yaani wamecheza sita nzima hakuna aliyemzidi mwenzake hata pointi moja, sasa hapo ungeamuaje kwa mechi moja?

Shikamoo anko. Baba ni shabiki wa Warriors na mpaka leo anasema ubingwa wa 2016 Cleveland waliiba, eti kisa Draymond Green wa Warriors alifungiwa mechi ya tano. Mimi nilikuwa mdogo sana. Ni kweli? (Binti, Tanga)

Marahaba mwanangu. Mwambie baba kwamba anayekujibu naye alikuwa upande wa Warriors, tena mwaka ule ndio nilikuwa nimejaa kabisa, timu imeshinda mechi 73 na kufungwa 9 msimu wa kawaida, kabla ya mtoano, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa. Kwa hiyo nikisema hawakuiba najua ninachosema na bado kinaniuma.

Kwenye fainali Warriors walikuwa mbele kwa mechi 3 kwa 1. Mechi ya nne Green akampiga LeBron James wa Cleveland sehemu za siri wakiwa wanapishana, ligi ikapitia tukio ikamwandikia faulo kubwa, na kwa kuwa alishajirundikia nyingine tangu raundi za nyuma akafikisha kiwango, kanuni ikamkata mechi moja. Kanuni ilikuwepo tangu mwanzo. Mechi ya tano hakucheza, LeBron akatia pointi 41 na mwenzake Kyrie Irving akatia 41, Andrew Bogut wa Warriors naye akaumia goti siku hiyohiyo na hakurudi tena. Hapo baba ana haki ya kulalamika kidogo, sawa. Lakini Green alirudi ya sita wakafungwa, na ya saba ndio alicheza mpira wa maisha yake, pointi 32, ribaundi 15 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa), asisti 9 (pasi za kufungia). Sasa waliofungwa wakiwa naye tutasemaje waliibiwa?

Ile ya saba niliiangalia hukohuko kwenu Tanga, kwa mjomba. Huko Oakland ilikuwa Jumapili jioni tarehe 19 Juni, kwetu ni Jumatatu saa tisa usiku na ilikuwa Ramadhani, kwa hiyo nyumba nzima iko macho kwa daku. Sahani ya wali na maharage iko mapajani, shangazi anatuhimiza tule muda unakwisha na hakuna anayemsikia. Adhana ya alfajiri ilitukuta bado wanacheza, mjomba akanyanyuka kwenda msikitini, akasimama mlangoni, akageuka akatazama ubao wa matokeo, akaondoka.

Zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 39 Klay Thompson akasawazisha, 89 kwa 89. Hizo ndizo pointi za mwisho Warriors walizopata msimu ule! Mitupo tisa ya mwisho yote ilikataa. Cleveland nao wakawa wanakosa tu, dakika karibu nne hakuna kinachoingia pande zote mbili, miguu imeisha, unaona kabisa mtu anarusha mpira unagonga ukingo wa mbele wa ringi kwa sababu magoti hayana nguvu ya kuusukuma.

Halafu Andre Iguodala wa Warriors akachomoka na shambulizi la haraka, yuko karibu na ringi, mimi nilishasimama. Watu wanamkumbuka LeBron tu aliyetokea nyuma akaubana mpira kwenye ubao, ila irudie uangalie taratibu, kuna J.R. Smith wa Cleveland aliyeruka mbele ya Iguodala kwanza. Iguodala ikabidi aushushe mpira kidogo amkwepe Smith halafu aupandishe tena, na kile kipande kidogo cha sekunde ndicho kilichomfikisha LeBron. Smith hata hakuugusa mpira.

Na sasa ndio nakuja kwenye kitu ambacho ningependa baba akione. Mfululizo mzima Cleveland walikuwa wanamwinda Stephen Curry kwenye ulinzi, wanaweka kizuizi, yaani mwenzao anasimama njiani kwa mkabaji, mpaka mabeki wabadilishane na Irving abaki na Curry peke yake. Mechi ya kwanza unaweza kuificha kasoro hiyo, ya saba huwezi tena maana washaijua. Zimebaki sekunde 53, wamefanya hilohilo, Irving akarudi hatua moja kulia akatupa ya pointi tatu usoni kwa Curry, 92 kwa 89. Warriors wakajibu kwa dawa ileile, wakamwacha Curry na Kevin Love, mtu mrefu ambaye kila mtu alishasema hawezi kukaba nje. Love akamganda, huku, kule, huku tena, Curry akarusha ikakataa. LeBron akamalizia mtupo huru mmoja, 93 kwa 89. Mji wa Cleveland haukuwa umeshinda ubingwa wa mchezo wowote mkubwa tangu 1964, miaka 52. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka 3 kwa 1 kwenye fainali ikashinda.

Mjomba aliporudi alinikuta nimeegemea ukuta. Hakuuliza kitu.

Mhariri, kucheza nyumbani mechi ya saba kunasaidia kweli au ni kelele tu? (Msomaji, Arusha)

Kunasaidia sana. Mpaka 2025 fainali 20 zimefika mechi ya saba na mwenyeji kashinda 16. Kabla ya Cleveland mgeni wa mwisho kushinda alikuwa Washington kule Seattle, 1978. Juzi tu 2025 Oklahoma City wamewafunga Indiana nyumbani 103 kwa 91, ingawa ile inaniuma kuitaja maana Tyrese Haliburton alianza moto kabisa kisha mshipa wa kisigino ukakatika robo ya kwanza.

Kuna Mwafrika aliyewahi kubeba ubingwa wa mechi saba? (Msomaji, Kigoma)

Hakeem Olajuwon, kazaliwa Lagos, 1994 na Houston. Mechi ya sita sekunde za mwisho aliugusa kwa ncha za vidole mtupo wa John Starks wa New York Knicks, ungeingia Knicks ndio mabingwa. Ya saba Houston 90, New York 84. Jirani yenu wa Goma, Jonathan Kuminga, ana pete ya ubingwa wa 2022 na Warriors, ila ile iliisha mechi sita. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya 2009, fainali hakubahatika kuicheza.

Nina kijana wa miaka 13 anajifunza kikapu, nimwonyeshe mechi ipi? (Mama, Dodoma)

Dada yangu, mwonyeshe hiyo ya 2016, anzia 89 kwa 89. Zima sauti. Mara ya kwanza aangalie mpira, mara ya pili mwambie asiangalie mpira kabisa, aangalie miguu ya Kevin Love.