Unauza Sana, Mbona Droo Tupu? Hesabu Zilizoniokoa Kwenye Biashara ya Mchele

Dada mmoja wa Mbagala kaniandikia wiki iliyopita: "Dada, mchele nauza vizuri, wateja wapo, lakini nikitaka kuagiza mzigo mwingine hela sina. Au nimerogwa?" Hujarogwa, mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu ujumbe kama wako naupata kila mara, na wanaoniandikia ni watu wenye bidii, wanaoamka alfajiri na wanaotaka kufika mbali. Kinachowakwamisha ni kuita kila pesa inayopita mkononi faida.

Mimi mchele nautoa Ubaruku kule Mbarali, kidogo Kyela, nauleta Dar. Miaka ya mwanzo nilikuwa na stoo ndogo Tandale na vijana wawili. Siku moja ikaja shule ya bweni, siitaji, ikataka magunia 60 ya kilo mia kila mwezi, malipo baada ya siku 30. Nilifurahi mno! Nilimpigia mama simu palepale nikiwa nimesimama kati ya magunia.

Sasa tuangalie hesabu. Bei hizi nimezirahisisha ili tuelewane. Kilo moja naipata kwa shilingi 2,000 mashineni. Nauli ya Fuso, kupakia na kushusha, ushuru, mifuko na uzito unaopungua njiani vinaongeza 200. Kwa hiyo mpaka mchele unaingia stoo, kilo imenigharimu 2,200. Nauza 2,500. Ile 300 inayobaki ndiyo faida ghafi. Wengi wanaishia hapo, wanaanza kuila. Lakini kuna kodi ya stoo, mishahara ya vijana, mlinzi, umeme na simu, tuseme jumla 1,200,000 kwa mwezi. Hizo ni gharama za kudumu, uuze gunia moja au mia, zinakusubiri. Ukitoa hizo ndipo unapata faida halisi. Kwa magunia 60 faida ghafi ilikuwa 1,800,000, na faida halisi 600,000. Kwenye daftari nilikuwa mfanyabiashara mwenye afya kabisa.

Malipo ya kwanza yalikuja kwa wakati. Baada ya hapo wakaanza. "Njoo Jumatatu." "Mhasibu yuko likizo." "Ada hazijakamilika." Huku Ubaruku mkulima hataki hadithi, anataka fedha taslimu kabla gunia halijapanda gari. Kila mzigo wa shule ulikuwa unanitoa milioni 13 na laki mbili. Miezi miwili bila malipo ni zaidi ya milioni 26 zilizokaa kwa mtu mwingine, na mchele wenyewe umeshapikwa na kuliwa. Nikauza kiwanja changu cha Chanika ili stoo isifungwe. Walilipa baadaye, vipande vipande, na hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo. Bado inaniuma, kwa sababu kiwanja kile nilikinunua kwa jasho langu la kuuza maandazi, tena kabla sijaijua njia ya Mbarali.

Ndipo nilipoelewa maana ya mtiririko wa fedha: pesa ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, na lini. Faida inaweza kuwepo kwenye karatasi huku droo haina hata nauli. Biashara inaweza kuishi muda mrefu na faida ndogo, lakini haimalizi wiki bila pesa ya kununulia mzigo. Mtaji wa kuzungusha ni hiyo pesa. Ili ujue unahitaji kiasi gani, hesabu siku tangu unapomlipa mkulima mpaka mteja wa mwisho anapokulipa wewe. Siku zikiongezeka maradufu, na mtaji unaohitaji unakaribia kuongezeka maradufu, hata kama mauzo hayajaongezeka kwa gunia moja. Dada wa Mbagala, naamini tatizo lako liko hapa. Huenda unanunua taslimu na unauza mali kauli, yaani kwa mkopo.

Na punguzo jamani. Mteja anakuja na maneno matamu, "nipunguzie mia tu kwa kilo, nitachukua mingi." Mia kwenye 2,500 ni asilimia 4, inaonekana si kitu. Lakini hiyo mia haitoki kwenye 2,500, inatoka kwenye 300 yako. Umempa theluthi ya faida ghafi. Kwa bei ya 2,500 nahitaji kuuza kilo 4,000, yaani magunia 40 kwa mwezi, ili nirudishe gharama za kudumu bila faida wala hasara. Nikishusha mpaka 2,400 nahitaji magunia 60 kufika palepale. Magunia 20 zaidi, wapagazi zaidi, safari zaidi, na sijapata hata shilingi ya kwangu! Kila mwenye duka aijue namba hiyo ya kurudisha gharama kama anavyojua namba yake ya simu. Mimi nimeibandika ukutani juu ya mizani, na vijana wangu wanaijua.

Kuhusu kuandika vitabu sitasema mengi. Mwaka 1494 Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia, alichapisha pale Venice maelezo ya namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao, kila muamala ukiingizwa pande mbili. Mpaka leo wahasibu wanafuata njia hiyo. Wewe anza na daftari la shilingi elfu mbili, andika kila siku kabla hujafunga duka. Andika pia nani anadaiwa na tangu lini.

Jambo jingine ni wewe na biashara yako. Ukisajili jina la biashara tu kule BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, sheria haijawatenganisha. Deni la duka ni deni lako, na mdai anaweza kuifuata mali yako binafsi. Kampuni yenye hisa ni mtu mwingine mbele ya sheria, inadai na kudaiwa kwa jina lake. Lakini hata kama huna kampuni, kwenye daftari watenganishe. Jilipe mshahara, hata mdogo, uandike kama gharama. Ada ya mtoto isitoke kwenye droo. Shemeji akija na shida yake, mpe kutoka kwenye mshahara wako, au mwambie ukweli kwamba huna. Najua watasema una roho mbaya. Waache waseme. Wakati nauza kiwanja, hakuna hata mmoja kati ya waliokula kwenye droo yangu aliyekuja kuniuliza nimekwama wapi.

Mwezi huu benki imenipa mkopo wa kununulia mzigo wa mavuno, wakati bei iko chini kule Mbarali. Afisa mikopo alikagua daftari zangu ukurasa kwa ukurasa, akauliza gharama za kudumu, akauliza wadaiwa wangu wanalipa kwa siku ngapi. Nilimjibu yote bila kufungua karatasi. Nilitoka pale nimenyoosha mgongo, nasema kweli. Mwanamke wa maandazi, sina shahada, nimekaa mezani na watu wa benki tukaongea lugha moja.

Nawe unaweza, lakini usidanganyike na wanaokuambia "uza kwa wingi, faida itakuja yenyewe." Haiji yenyewe. Kabla hujatoa mzigo kwa mkopo, jiulize kama una pesa ya kununua mzigo mwingine huyo mteja akichelewa mwezi mzima. Kama huna, mkatalie, hata kama ni taasisi kubwa yenye geti la rangi na mlinzi mwenye sare. Ukubwa wa mteja haukulipi wewe. Mimi sasa mteja mpya ananilipa nusu kabla gari halijapakiwa, iliyobaki ndani ya siku 14, na imeandikwa kwenye ankara na kusainiwa. Mzigo wa pili hautoki stoo kabla wa kwanza haujalipwa wote. Kuna waliokataa wakaenda kwa wengine, na stoo yangu haijafungwa.