Kabla ya Kushika Fagio, Shikeni Ramani

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linasema: "Katika mji mchanga unaoishi kwa utalii, mkazi wa kawaida ana nafasi gani ya kuuboresha?" Nabashiri majibu mengi mtakayoletewa yatahusu usafi na tabasamu. Tuokote taka ufukweni, tupande miti, tuwakaribishe wageni, tusiwalangue kwenye teksi. Sina ugomvi na hayo. Kinachonikera ni kwamba yanamfanya mkazi kuwa mhudumu asiyelipwa: wageni wako mezani, na sisi kazi yetu ni kupangusa meza.

Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya mkazi ni kuhakikisha mji huo unabaki makao ya watu, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa haifanyiki ufukweni. Inafanyika penye ramani ya matumizi ya ardhi, mikataba ya kupanga nyumba na mgao wa maji.

Tazameni Cancún, nchini Mexico. Serikali ilipoanza kuujenga mwaka 1970, mahali hapo palikuwa na ukanda wa mchanga, mikoko na watu wa kuhesabika. Mji ulichorwa ofisini. Hoteli zikapewa ukanda mwembamba kati ya Bahari ya Karibi na ziwa la pwani la Nichupté, wafanyakazi wakapangiwa mji wao upande wa bara. Mchoro ulikuwa safi, ila waliokuja kumwaga zege na baadaye kutandika vitanda waliupita kwa mbali. Wasiopata nafasi walijijengea pembezoni, na huduma zikawafuata kwa kuchelewa. Sensa ya 2020 ilikuta jiji hilo lina watu karibu 890,000. Yote hayo katika nusu karne, maana yake aliyezaliwa mwaka hoteli za kwanza zilipofunguliwa bado hajastaafu, na majirani zake wengi wa rika lake walizaliwa kwingine.

Huo ndio ugonjwa wa miji ya namna hii, na sioni ukizungumzwa vya kutosha. Watu wanaishi hapo, lakini kwao ni kwingine. Pesa inatumwa kwao, nyumba inajengwa kwao, kadi ya kura imeandikishwa kwao, hata akifa atasafirishwa kwao. Ukimuuliza atakwambia yuko hapo kwa muda tu, akipata mtaji ataondoka. Muda huo hufika miaka ishirini na watoto watatu. Na mtu aliye safarini haendi kwenye kikao cha mtaa, haulizi kwa nini darasa lina watoto wengi kupita kiasi, hagombani na anayejenga juu ya mkondo wa maji ya mvua. Wenye mitaji wanalijua hilo kuliko tunavyodhani, na hawana sababu ya kulibadilisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomshauri mkazi wala halipendezi kulipiga picha: ajiandikishe kupiga kura pale anapolala. Ahamishie hapo anwani yake, kadi yake ya kliniki, na kinyongo chake pia. Diwani hamwogopi mtu ambaye kura yake iko safari ya siku mbili kutoka hapo.

La pili ni kuwahi, na hapa nirudi Cancún. Januari 2016 mitambo iliingia katika eneo la Tajamar na kufyeka mikoko ili kupisha majengo ya kifahari. Wakazi walikuwa wamepinga tangu mwaka uliotangulia, wengine wakikesha palepale. Watoto 113 walifungua shauri mahakamani wakidai haki yao ya kuishi katika mazingira salama. Hakimu alisimamisha kazi, kisha akawataka watoto hao waweke dhamana ya mamilioni ya peso! Sharti hilo likaja kuondolewa, na ujenzi ukabaki umezuiwa. Ni kisa cha kutia moyo, lakini tusikisome kwa furaha mno, kwa sababu mikoko ilikuwa imeshaanguka. Na kibali cha mazingira kilichoruhusu yote hayo kilitolewa mwaka 2005. Vita vilipopamba moto, karatasi ilikuwa na umri wa miaka kumi.

Oktoba ya mwaka huohuo wa 2005, kimbunga Wilma kilikaa juu ya pwani hiyo zaidi ya siku nzima, kikakomba mchanga wa fukwe zenyewe ambazo hoteli zilijengwa kuzitazama. Mchanga mwingine ulilazimika kunyonywa kutoka chini ya bahari na kumwagwa upya, kwa gharama kubwa. Kwa mji wa pwani, mikoko ni kinga, na kuiuza ni sawa na kuuza ukuta wa nyumba ukiwa bado unaishi ndani.

Ndiyo maana nasema tushike ramani. Kila mji unaokua una wakati fulani ambapo mpango wa ardhi huwekwa wazi ili watu watoe maoni. Tangazo hubandikwa kwenye ubao ambao hausomi mtu, au huchapishwa kwa lugha ya wanasheria na wahandisi. Maoni yasipotoka, afisa anaandika kwamba umma umeshirikishwa na haukuwa na pingamizi. Mtaa unahitaji watu wawili au watatu wa kufuatilia jambo hilo tu: lini mpango unafunguliwa, nani ameomba kibali, kiwanja gani kimebadilishwa matumizi kutoka shule kwenda hoteli. Si lazima wawe wasomi wakubwa, ila wawe wavumilivu. Nakiri vikao hivyo vinachosha. Daima yuko mzee mmoja anayetumia nusu saa kueleza jambo lisilo kwenye ajenda. Basi watu wapeane zamu, asibebeshwe mmoja hadi achoke na kuhama.

Ufukwe nao una siasa yake. Kwa sheria ya Mexico fukwe ni mali ya taifa, lakini mwenyeji anaweza kukaa miaka mingi bila kuona njia ya kufika majini kwa sababu imezibwa na kuta za hoteli. Februari 2020, katika mji wa Playa del Carmen ulio jirani na Cancún, polisi waliwakamata wenzi wawili waliokuwa wamekaa ufukweni mbele ya klabu moja wakila vyakula vyao walivyobeba wenyewe. Video ikasambaa. Wakazi wakaitikia kwa namna iliyonifurahisha sana: walijaa palepale na vyakula vyao, wakatandika, wakala. Oktoba ya mwaka huo sheria ya nchi ilirekebishwa, na anayezuia watu kufika ufukweni sasa anaweza kutozwa faini. Sisemi mlo ule peke yake ndio uliobadilisha sheria. Lakini bunge hujua kutofautisha malalamiko ya mtu mmoja na ya umati wenye mabakuli mkononi.

Sasa nije kwenye nyumba, na hapa najua baadhi ya wasomaji watanuna. Tunapenda kuwalaumu wawekezaji wakubwa, lakini katika miji mingi ya utalii anayemtoa muuguzi au mwalimu kwenye chumba chake ni jirani yake. Mwenye nyumba amegundua kwamba mgeni wa siku nne, anayekuja kupitia intaneti, analipa kuliko mpangaji wa mwezi mzima. Nani atamlaumu? Ana ada za watoto na paa linalovuja. Lakini wakifanya hivyo mia mbili katika mtaa mmoja, mtaa unakufa. Duka la vyakula linageuka duka la vinyago, shule inapungukiwa walimu, na mpishi wa hoteli anaamka saa tisa usiku kuwahi basi la mbali. Barcelona si mji mchanga, lakini ilivyofika ni funzo: mwaka 2024 meya alitangaza kwamba leseni za nyumba za kupangisha watalii, zaidi ya 10,000, hazitahuishwa, na ifikapo mwishoni mwa 2028 ziwe zimekwisha. Hiyo ni dawa kali, ya mgonjwa aliyechelewa.

Mji mchanga una bahati ya kutokuwa umechelewa, na mfano ninaoupenda ni Whistler, Kanada. Ni mji wa kuteleza kwenye theluji uliopata manispaa yake mwaka 1975 hasa kwa ajili ya utalii. Watu wake waliona mapema kwamba waendesha lifti za kupandisha watu mlimani, wapishi na walimu hawataweza kushindana kwa bei na matajiri wanaonunua nyumba za likizo. Basi aliyetaka kibali cha kujenga hoteli au maduka akatakiwa ama ajenge makazi ya wafanyakazi, ama achangie mfuko wa makazi. Mwaka 1997 ikaundwa mamlaka ya nyumba ya mji. Nyumba zilizo chini yake hununuliwa au kupangwa na watu wanaofanya kazi palepale, na mwenye nyumba akitaka kuuza, bei yake ina kikomo, haifuati soko. Lengo ni kwamba angalau asilimia 75 ya wafanyakazi walale mjini humo. Orodha ya kusubiri bado ni ndefu, kwa hiyo si peponi. Ila ona nini kilihitajika: wenye nyumba waliokubali kutopata faida yote ambayo wangeweza kupata. Hakuna serikali inayoweza kuupitisha utaratibu huo bila wapiga kura kuutaka.

Maji nayasema kwa ufupi kwa kuwa kila mtu anajua kwamba bwawa la kuogelea hunywa kuliko kijiji. Benidorm, Hispania, ilikuwa mji wa wavuvi kabla ya mpango wake wa mwaka 1956 kufungua njia ya maghorofa. Ukame wa 1978 ukalazimisha maji yaletwe kwa meli. Kilichouokoa mji baadaye, pamoja na mabomba na mabwawa, ni mapatano na wakulima wa jirani: wao wanauachia mji maji safi, mji unawarudishia maji yaliyosafishwa baada ya kutumika, wamwagilie mashamba. Hayo ni mazungumzo kati ya wakazi na wakazi. Mtalii aliye bafuni hajui kwamba anaogea hisani ya mkulima wa machungwa.

Kisha mishahara. Wengi wataona hii si mada ya kuboresha mji, na mimi naona ndiyo mzizi. Mfanyakazi anayeachishwa kila msimu wa wageni unapokwisha hawezi kuwa mkazi wa kudumu hata akitaka. Las Vegas inafundisha mambo mawili hapa. Kwanza, eneo maarufu la makasino lenye mataa yote yale haliko ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Tangu 1950 sehemu yake kubwa iko Paradise, eneo lililoundwa wakati wenye makasino walipotaka kulikwepa jiji na kodi zake. Mkazi asiyejua mpaka wa manispaa yake unapita wapi hajui kodi ya hoteli inaishia mfuko gani. Pili, wapishi, wahudumu na wasafisha vyumba wa huko wana chama chao, Culinary Union, kilichoanza 1935 na chenye wanachama wapatao 60,000. Mikataba yake ya pamoja imewapa bima ya afya na mishahara inayomwezesha msafisha vyumba kumiliki nyumba. Mtu mwenye nyumba na bima ana nguvu ya kuuliza maswali kwenye mkutano wa mtaa.

Msidhani nadharau huduma za kujitolea. Nadharau zile za nusu siku, zenye fulana mpya na kamera. Gold Coast, Australia, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 1959, ina vilabu vya waokoaji wa baharini ambavyo wanachama wake ni wakazi wa kawaida: wanafunzi, mafundi, wastaafu. Wanafunzwa, wanafanya mitihani, wanapangiwa zamu, na wikiendi hadi wikiendi wanawatoa watu majini bila malipo. Mtoto anaanza mazoezi akiwa na miaka michache, na baba aliyehamia juzi anapata marafiki kupitia klabu ya mwanawe. Huduma ya namna hiyo inamsaidia mgeni, lakini zaidi inawapa waliokuja kutoka pande zote sababu ya kujuana majina. Mji usio na wazee wake wa asili unahitaji mambo kama hayo kuliko mabango ya kukaribisha.

Wapo watakaosema kwamba wakazi wakidai mno, wawekezaji watahamia pwani nyingine. Baadhi watahama kweli. Aliyekuja kwa sababu ya ardhi ya bure na watu wasiouliza ataondoka siku ardhi ikiwa na bei na watu wakianza kuuliza. Lakini mwenye hoteli ya vyumba mia nne hawezi kuibeba mgongoni. Akishajenga, anategemea maji yaleyale, barabara ileile na wafanyakazi walewale, na wengi wao huwa tayari kuzungumza wakikuta upande wa pili kuna watu waliojipanga na wanaojua hesabu.

Kwa anayetaka kuanza, aende ofisi ya manispaa siku yoyote ya kazi, aombe kuona ramani ya matumizi ya ardhi, atafute mtaa wake na aangalie umepakwa rangi gani. Akiambiwa ramani hiyo haionyeshwi kwa wananchi, basi ajenda ya kikao cha kwanza imeshapatikana.

Msomaji wenu