Kijani cha Kaskazini: Mmeuliza, Nimejibu

*Mzee, Norway inajisifu kwa nishati safi na huku inachimba gesi Aktiki. Tuamini lipi? (Msomaji, Lindi)*

Yote mawili, ndugu yangu, ukijua wanavyohesabu. Tazama Melkøya, kisiwa kilicho mbele ya mji wa Hammerfest, kinakosindikwa gesi ya Snøhvit, kisima kikubwa cha baharini, tangu 2007. Gesi inafika kwa bomba la kilomita 143 lililolazwa chini ya bahari. Kabla ya kupozwa iwe kimiminika huchujwa hewa ya ukaa, maana ingeganda na kuziba mitambo, na hewa hiyo hurudishwa ardhini chini ya bahari. Hapo nawapa heko. Tatizo ni kwamba mitambo inaendeshwa kwa kuchoma gesi hiyohiyo. Agosti 2023 serikali iliridhia kiwanda kitumie umeme wa gridi. Moshi wa Norway utapungua, ila gesi iliyookolewa itapakiwa melini, ikachomwe Ulaya, na moshi wake utaandikwa kwenye daftari la aliyeichoma. Kanuni za kimataifa ndivyo zilivyo, kwa hiyo waziri akisema "tumepunguza" huwezi kumwita mwongo. Na Equinor, kampuni ya Norway inayoendesha Melkøya, ndiyo hiyohiyo ya Kitalu namba 2 cha gesi, baharini huko kwenu.

*Kwa nini Wasami wanapinga umeme wa upepo? Si ndio tunaouhubiri? (Mwanafunzi, Morogoro)*

Mwanangu, Wasami ni wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, na wengi wao ni wafugaji; kwanza uliza mtambo umesimikwa kwenye malisho ya nani. Fosen, katikati ya Norway, ilisimikwa mitambo 151 ya upepo mahali reindia (mifugo jamii ya kulungu) wa Wasami walipokuwa wakilishwa majira ya baridi. Mnyama huyo hakai karibu na mapanga yanayozunguka. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ilisema vibali ni batili, kwani vinavunja haki ya Wasami ya kuishi utamaduni wao. Mapanga yakaendelea kuzunguka. Siku 500 baadaye, Februari 2023, vijana waliovaa mavazi ya Kisami wakaketi sakafuni ndani ya wizara ya nishati mjini Oslo, na Machi waziri akaomba radhi. Makubaliano na wafugaji yamepatikana, mitambo haijang'olewa. Sasa umeme wa Melkøya nao unadai nyaya mpya kupita Finnmark, eneo la kaskazini uliko Hammerfest, na wafugaji wa huko habari za Fosen wanazo.

*Hakuna aliyekataa mafuta? (Msomaji, Mombasa)*

Yupo. Greenland ilisitisha leseni mpya za utafutaji mwaka 2021, chama cha Inuit Ataqatigiit kilipoingia madarakani. Nawasifu, ingawa visima vilivyochimbwa huko 2010 na 2011 havikutoa mafuta ya kuuzika.